Mkeka wa Dakika Tisa

Shangazi alipofungua sanduku la bati kule kwake Ujiji, kilichotangulia kutoka ni harufu. Harufu ya kitenge kilichokaa miaka bila kuanikwa, na chini yake uvundo mwingine, mkavu, kama wa madaftari yaliyolowa yakajikaukia yenyewe. Ndani mlikuwa na mikanda ya video 11. Nikasoma migongo yake: HARUSI 1. HARUSI 2. BANDARINI. KHITIMA YA BABA. Mmoja ulikuwa na jina la filamu ya karate lililokatwa kwa kalamu nyekundu, na mwingine umeandikwa kwa herufi kubwa USIFUTE. (Niseme mapema kabisa: mkanda wa USIFUTE ulikuwa umefutwa. Una nusu ya mechi ya mpira na dakika 20 za chenga.)

"Wewe si una kompyuta pale dukani," Shangazi akasema. "Nigeuzie hizi ziwe sidii. Nataka niione harusi yangu kabla sijafa."

"Shangazi, wewe hufi leo wala kesho."

"Ndiyo maana nakwambia mapema."

Mimi nina steshenari Mwanga, hapa Kigoma. Natoa fotokopi, nachapa barua za kuombea kazi, napiga picha za pasipoti, nawajazia watu fomu mtandaoni. Kwa watu wetu mwenye steshenari ni mtu wa kompyuta, na mtu wa kompyuta hashindwi kitu. Nikaomba wiki moja. Ilinichukua miezi minne, na kazi yenyewe niliimaliza mara mbili. Hiyo mara ya pili ndiyo iliyonikalisha kuandika haya.

Kabla ya kompyuta kuna deki, mashine ya kuchezea mikanda ya video. Mkanda wa VHS, aina ya hii ya Shangazi, uliletwa na JVC ya Japani mwaka 1976, na huku Bara deki iliingia kwenye nyumba za wenye uwezo kabla hatujawa na kituo chetu hata kimoja cha televisheni. Zanzibar walikuwa na televisheni yao, tena ya rangi, tangu 1973. Sisi ITV ilipoanza mwaka 1994, aliyekuwa na runinga sebuleni alikuwa ameshaizoea kama kioo cha kuonyeshea mikanda. Leo deki mpya haipo popote. Funai ya Japani, waliokuwa wa mwisho kuzitengeneza, waliacha mwaka 2016. Kinachobaki ni kupiga hodi kwa watu.

Deki ya kwanza niliipata kwenye kibanda umiza cha zamani, banda la kuonyeshea video kwa kiingilio, imewekewa sabufa juu yake kama stuli, na panya wameshazaa ndani. Ya pili ilikuwa nzima kwa nje, lakini fundi mmoja alishaing'oa mota akafungia kitu kingine. Ya tatu ilikuwa kwa mwalimu mstaafu kule Bangwe, mama mmoja mtaratibu, ameifunika kwa kitambaa cha kudarizi. Nikamwamkia, nikaeleza shida yangu. Kuuza akakataa. Kuazimisha akakubali kwa sharti moja: deki irudi na kitambaa chake kimefuliwa na kupigwa pasi.

Basi nikadhani mambo yamekwisha. Nikauchukua HARUSI 1, nikauinua kwenye mwanga wa mlango. Kwenye kidirisha cha plastiki, pale mkanda unapoonekana umejikunja kwenye gurudumu lake, niliona vumbi jeupe limetanda kama unga wa muhogo kwenye ungo. Ukungu. Sakafu ya saruji, uvunguni mwa kitanda, mvua za kwetu na ziwa liko pale chini: usingeota kwa nini? Mkanda wa namna hiyo ukiuchezesha hivyo hivyo, ukungu unahamia kwenye vichwa vya deki, vile vinavyosoma mkanda, na kutoka hapo unaugawia kila mkanda utakaofuata.

Kwa hiyo niliifungua mikanda minne iliyokuwa na ukungu. Kila mmoja una skrubu tano ndogo kwa chini. Unazitoa, unaugeuza uso wake juu, unanyanyua ganda taratibu, na hapo unaona jinsi kitu chenyewe kilivyo cha kawaida: magurudumu mawili, springi moja yenye hamu ya kuruka uvunguni mwa meza, na utepe mweusi wenye upana wa nusu inchi. Mkanda wa saa tatu una karibu mita 250 za utepe huo. Niliufuta kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, mlango wazi, pua na mdomo vimefungwa, nikiuzungusha kwa kidole kutoka gurudumu moja kwenda jingine. Mkanda mmoja, alasiri moja. Mteja anaingia anataka fotokopi ya kitambulisho, anakuta nimejifunga ushungi kama naenda kupulizia dawa shambani.

Mahali ulipokatika, usiuunge kwa seloteputi ya kufungia zawadi. Gundi yake inavuja, inanata kwenye vichwa. Nilikata kile kipande kilichosagika, nikaunga kwa utepe maalumu wa kazi hiyo, na kwa upande wa nyuma, ule usiogusa vichwa. Nilipoteza kama sekunde mbili za bibi mmoja akimenya ndizi.

Na vichwa vyenyewe. Ndani ya deki kuna pipa dogo la chuma linalong'aa, limelala upande kidogo. Kwa mfumo wetu wa picha za televisheni, PAL, linazunguka mara 25 kwa sekunde, na lina vichwa viwili vidogo kuliko punje ya mchele. Kila kimoja kinasoma nusu ya picha, kimoja mistari ya witiri, mwenzake ya shufwa. Fundi wa redio jirani yangu alinishauri nisugue kwa pamba ya njiti. Nilimshukuru nikampuuza. Nyuzi za pamba zinanasa kwenye kichwa, na ukisugua kwenda juu na chini unakivunja. Nililowesha kitambaa kwa spiriti, nikakigusisha kwenye pipa kikiwa kimetulia, nikalizungusha pipa kwa kidole. Kitambaa kikatoka na mstari wa kahawia. Miaka ya filamu za karate hiyo.

Kompyuta ikaingia hapo. Deki ina matundu matatu nyuma: la njano la picha, jekundu na jeupe ya sauti. Waya zinaingia kwenye kidude kidogo, na kidude kinachomekwa kwenye USB. Cha kwangu kiliagizwa Kariakoo, kikaja na basi. Siku ya kwanza picha ilirukaruka kama mbuzi kamba ikimkaba, rangi hakuna. Nikakilaani kidude, nikamlaani aliyeniuzia, kumbe programu ilikuja imepangwa kwa NTSC ya Wamarekani, mistari 525 na karibu picha 30 kwa sekunde, wakati mkanda wetu ni PAL, mistari 625 na picha 25. Kubonyeza mara moja tu, harusi ikatulia. Mkanda mmoja ukabaki mweusi na mweupe. Huo ulipigwa na shemeji wa Bujumbura kwa kamera aliyoinunua hukohuko, na Burundi walikuwa kwenye SECAM ya Wafaransa. Deki ya mwalimu ina swichi ya mifumo kwa nyuma. Nilipoigeuza, na programu nayo nikaiambia, vitenge vikapata rangi zao.

Sasa, jambo ambalo watu wa faili hawaliamini: saa moja ya mkanda ni saa moja ya maisha yako. Huwezi kuunakili kwa dakika mbili kama flashi. Lazima ucheze wote, kwa mwendo wake, na kompyuta iandike huku ikiangalia kama wewe. Mwenyewe nilipanga niwashe, niondoke nikale. Siku ya kwanza kompyuta ililala usingizi dakika ya 30, kwa kuwa hakuna aliyeigusa. Siku ya pili umeme ulikatika: kompyuta ina betri, deki haina, basi kompyuta ikaendelea kurekodi giza kwa bidii kubwa. Siku ya tatu rekodi ilisimama yenyewe baada ya dakika kama 70. Hii ilinisumbua usiku mzima. Diski ya nje niliyokuwa nahifadhia ilikuwa imeandaliwa kwa FAT32, mpangilio wa zamani wa kuhifadhi faili, na FAT32 haipokei faili moja inayozidi GB 4. Nilipoifomati upya kwa NTFS, mpangilio usio na kikomo hicho, ikaacha kisirani. Na kulikuwa na tatizo la midomo: harusi inaanza vizuri, ikifika saa moja shehe anafumba mdomo na sauti yake bado inakuja. Mkanda mchakavu ukipepesa, kidude kinadondosha picha moja hapa, tatu pale, lakini sauti haidondoki; zikijumlishwa, picha imetangulia. Dawa niliyoiona mimi ni kurekodi kwa vipande vya dakika 20 na kuvianza vikipishana kidogo.

Kwa sababu hizo zote nikalazimika kukaa. Jioni baada ya kufunga duka, chai ya tangawizi, mimi na harusi ya mwaka 1995.

Aliyepiga video ile ni Baba Mkubwa, kaka yake Shangazi, mfanyakazi wa reli. Kamera yake ilikuwa ile ya kubebwa begani, inayomeza mkanda mzima. Alikuwa anapenda kamera kuliko alivyoijua. Anaanzia kwenye paa la nyumba, anateremka, anasahau alichokuwa anatafuta, anarudi kwenye paa. Wakati wa kutunza, foleni ya wageni inapita mbele ya bibi harusi na vitenge, mabeseni, noti za kubandika kwenye paji la uso, na Baba Mkubwa amesimama palepale, hasogei, hakati, dakika 22. Akinamama jikoni wanapepeta mchele dakika 9. Chini ya miembe vijana wamekaa tu. Kisha kuna mahali aliamua kupumzika: akaiweka kamera chini mkekani bila kuizima, na kwa dakika tisa nyingine unachokiona ni mkeka, umelala upande, na miguu inayopita.

Nikaona hii haifai. Mtu wa leo hawezi kukaa saa tatu. Nikakata. Foleni ya kutunza nikaifanya sekunde 40, jikoni sekunde 10, mkeka nikautupa. Sauti ilikuwa na mkwaruzo na upepo, nikaifuta, nikalaza taarabu mwanzo mpaka mwisho. Nikaweka maandishi ya dhahabu yanayozunguka. Ikawa dakika 45 zinazong'aa. Nikachoma sidii kumi, nikazichapia picha juu. Na kwa kuwa kompyuta ilikuwa imejaa, nikafuta rekodi zote za awali. Naona aibu kuiandika sentensi hiyo.

Siku ya Idi tukakusanyika Ujiji. Baada ya pilau nikawasha. Walicheka mwanzoni, wakaonyeshana: tazama nywele, tazama viatu. Kisha wakaanza kunyamaza mmoja mmoja. Ilipofika foleni ya kutunza Bibi akanyanyua mkono.

"Rudisha nyuma."

Nikarudisha.

"Mbona imepita? Alikuja mama yake Mwanaidi wa pale kisimani. Alikuja na beseni la bluu. Yuko wapi?"

"Bibi, nilifupisha kidogo."

"Umemfupisha mama Mwanaidi?"

Watu wakacheka, ila si Bibi. Mwingine akamuulizia mzee fulani wa msikitini, mwingine mke wa kwanza wa mjomba, mwingine dada aliyehamia ng'ambo ya ziwa na hajarudi. Wote walikuwa kwenye zile dakika 22. Wengi wao picha nyingine hawana. Wakati wa kusimama mstarini na beseni ndio wakati pekee kamera iliwahi kuwatazama usoni.

Shangazi yeye hakuuliza juu ya mtu. Aliuliza, "Hii nyimbo ilikuwapo?"

"Hapana, nimeiweka mimi."

"Na kaka yangu yuko wapi?"

Nikataka kumwambia Baba Mkubwa haonekani popote, yeye ndiye alikuwa nyuma ya kamera. Nikakumbuka kabla sijafungua kinywa. Muda wote ule alikuwa akisema. "Sogea kidogo, mama." "Msiangalie huku, fanyeni kama sipo." "Huyo mtoto mtoeni kwenye sufuria." Saa tatu za sauti ya mtu aliyeshafariki, na mimi nimeilalia taarabu.

Kesho yake nilipanda daladala kwenda Bangwe, nimeshika kilo mbili za dagaa; deki na kitambaa chake nilikuwa nimevirudisha wiki mbili zilizopita. Mwalimu akanitazama, akaitazama mifuko, akaingia ndani akatoka na deki. "Umevunja nini?" akauliza.

Mkanda mzee haustahimili kuchezwa mara nyingi. Kila ukipita kwenye pipa unaacha kidogo chake. HARUSI 2 ulitafunwa kidogo mwanzoni, nikauzima upesi, nikaunyoosha kwa kidole, na mkunjo ule sasa unaonekana kama radi inayopita shingoni kwa bwana harusi. Zamu hii sikukata chochote. Diski ya kawaida ya DVD ina GB 4.7. Ukiingiza saa tatu kwenye moja inabidi ubane hadi kama megabiti 3.5 kwa sekunde, na mkanda wenye chenga ndio unaoumia zaidi, kwa kuwa kompyuta inapoteza nguvu kuchora chenga badala ya nyuso. Nikagawa kwenye diski mbili, saa moja na nusu kila moja, karibu megabiti 7. Nikachoma kwa mwendo mdogo. Sauti nikaiacha na upepo wake. Nilipunguza ule mvumo wa chini tu, tena kidogo. Maandishi ya dhahabu nikayatupa.

Rekodi za awali za zamu hii ziko kwenye diski mbili za nje, moja dukani, moja kwa Shangazi ndani ya sanduku lilelile la bati, maana sidii nazo zinakufa, tena nyingine zinakufa mapema kuliko mikanda. Mikanda yenyewe sikuitupa. Niliyavunja yale meno madogo ya mgongoni, ambayo yakishavunjwa mkanda haurekodiki tena juu yake, nikaisimamisha mikanda wima kwenye kabati, mbali na sakafu. Binamu waliomba kwenye WhatsApp. Niliwatumia, ikafika imebanwa hadi nyuso zimekuwa vigae, wao wakasema nzuri sana. Sikubishana.

Kuhusu mkeka. Zile dakika tisa nilizisikiliza kwa spika za masikioni mara ya pili, nikiwa na nia ya kuzipunguza angalau ziwe tatu. Mkeka ni wa ukindu, zambarau na kijani, na kwa kuwa kamera imelala, mistari yake inapanda kama ngazi. Unapita mguu wenye hina. Anapita kuku. Baba Mkubwa amekaa pembeni anakula, kijiko kinagonga sahani, na anaongea na mtu kuhusu nauli ya gari la kuni: kwamba amekubali bei ya juu, kwamba asiambiwe mtu, leo ni siku ya dada yake. Kisha anaita jikoni, "Mama, mmempelekea bibi harusi chakula? Toka asubuhi hajala huyo." Sauti ya Bibi, kijana zaidi, inajibu kutoka mbali kwamba amekataa kula. "Basi nipeni mimi nimpelekee." Mguu mkubwa unapita juu ya mkeka, peku, na kimya.

Shangazi hakuwa anajua ni nani aliyeleta ile sahani. Aliikuta mlangoni imefunikwa.

Diski za DVD zinaruhusu kuweka sura, ili mtu abonyeze aruke anapopataka. Nimeweka sura saba kwenye diski ya pili: Nikaha, Jikoni, Kutunza, na nyinginezo. Ya tano nimeiandika Mkeka. Wajukuu wanaiulizia ni ya nini, mbona haina watu. Shangazi akishika rimoti huanzia hapo.